Tukague kisu kabla ya kuuliza dini ya mchinjaji

Nimekagua nyama mkoani Kigoma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Nilianzia kwenye machinjio ya vijijini yenye karo moja la saruji na mti wa kufungia ng'ombe, nikamalizia kwenye machinjio ya mjini yenye maji ya bomba na ndoano za chuma. Sasa nimestaafu, naishi Kidahwe, pale barabara itokayo Kigoma inapogawanyika, moja ikaelekea Kasulu na nyingine Uvinza. Miaka yote hiyo swali nililoulizwa zaidi na wateja wa bucha lilikuwa moja: "Kachinja nani?" Sikumbuki mteja aliyeniuliza kisu kilikuwaje. Sikumbuki aliyetaka kujua mchinjaji kafundishwa na nani, analipwa vipi, na ni nani mwenye mamlaka ya kumwambia, wewe leo usichinje.

Swali la dini ya mchinjaji si dogo, na sitalidharau. Watu wamekufa kwa ajili yake katika nchi hii. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mchungaji aliuawa katika ghasia zilizoanzia kwenye nani achinje. Aprili mwaka huohuo mji wa Tunduma ukawaka moto kwa swali hilohilo. Mimi ni Mkatoliki, Muha wa Kasulu, na nilifanya kazi bega kwa bega na wachinjaji Waislamu wa Ujiji. Zile siku tulikagua nyama huku redio imewashwa pembeni, hakuna aliyetaka kuzungumza.

Msimamo wangu kuhusu desturi yetu ni huu. Jirani yangu Mwislamu hawezi kula nyama isiyochinjwa kwa masharti ya dini yake, mimi naweza kula aliyoichinja yeye. Tukitaka wote tununue kwenye bucha moja na tualikane harusini bila mtu kuhofia sahani, basi aliye na sharti ndiye ashike kisu. Huo ni ujirani mwema, nao nautetea. Ila desturi hii imemtwika mchinjaji mzigo mzito, kisha sisi sote, Waislamu na Wakristo, tukamwacha peke yake. Tunagombana juu ya jina lake, kazi yake hatuiangalii. Hapo ndipo ninapotaka tujifunze kwa watu ambao hapa kwetu hatuwazungumzii sana, nao ni Wayahudi.

Kwa Wayahudi mchinjaji huitwa shoheti. Kumbukumbu la Torati, sura ya 12, inaruhusu kuchinja wanyama kwa namna ambayo Mungu ameamuru, lakini haielezi namna hiyo. Maelezo yalipokewa kwa mdomo kizazi hadi kizazi, mpaka yakaandikwa katika Mishna kama mwaka 200, katika sehemu iitwayo Hulin, na baadaye yakajadiliwa kwa kina katika Talmud. Ndiyo kusema, uchinjaji kwao ni elimu yenye vitabu vyake, walimu wake na mitihani yake. Anayetaka kuchinja husoma sheria, hufanya mazoezi ya kunoa mbele ya mwalimu, huchinja akitazamwa, na akifaulu hupewa cheti na rabi. Asiye na cheti hachinjii watu, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Na mwenye cheti lakini hana uchaji, naye hafai, kwa kuwa mambo mengi ya kazi hii anayaona yeye na Mungu wake tu.

Huhitaji kwenda Yerusalemu kumwona mtu wa namna hiyo. Wapo Mbale, mashariki mwa Uganda. Binti yangu ameolewa huko, na mkwe wangu ndiye aliyenipeleka kilima cha Nabugoye, makao makuu ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Jamii hiyo ilianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa nchi ya mashariki akitarajia kupewa ufalme, asipewe. Aliingia kwanza katika kundi la Wamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali na kushika Sabato. Mwaka 1919, baada ya kuisoma sana Torati, akatahiriwa yeye na wanawe. Wamalaki walipomwambia kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, akajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi.

Mwaka 1920 akafika Mbale Myahudi mmoja anayekumbukwa kwa jina la Yosef, akakaa nao kama nusu mwaka. Aliwafundisha kalenda, sikukuu, sala, na sheria za chakula pamoja na jinsi ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu akachapisha kitabu cha sala na kanuni kwa ajili ya watu wake, na mwaka 1928 akafariki. Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971 dini yao ilipigwa marufuku, wengi wakahamia Ukristo na Uislamu, wakabaki mia chache waliosali kwa siri. Leo ni kama 2,000. Mwaka 2002 marabi kutoka nje waliwapokea rasmi mia kadhaa kati yao, na mwaka 2008 Gershom Sizomu akawekwa kuwa rabi baada ya masomo yake Los Angeles. Mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, walimchagua kuwa mbunge wao.

Hebu tuitazame historia hiyo vizuri. Tangu Kakungulu hadi Sizomu ni karibu miaka 90. Muda wote huo hawakuwa na rabi mzaliwa wa kwao aliyesomea na kuwekwa rasmi, lakini nyama waliichinja wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa jamii nyingi ndogo za Kiyahudi duniani, katika vijiji vya Poland na katika milima ya Yemen. Kijiji kiliweza kukaa bila rabi, kikapeleka maswali mazito mji wa jirani, lakini bila shoheti hapakuwa na kitoweo cha Sabato. Mara nyingi mtu huyohuyo alikuwa pia mwalimu wa watoto, mwongoza sala na ngariba. Anayechinja nyama ya watu kwao hakuwekwa nje ya uwanja wa heshima. Alikaa mbele sinagogi, na maisha yake yalichunguzwa kama ya kiongozi wa dini.

Siku niliyofika Nabugoye ilikuwa Ijumaa, na kuku wa chakula cha Sabato walikuwa wanachinjwa. Nilijitambulisha kwamba nilikuwa mkaguzi wa nyama Tanzania. Kijana aliyekuwa anachinja akafurahi, akaniita kando.

"Muzee, leta kidole," akasema.

Akanionyesha alivyofanya yeye kwanza. Alipitisha makali ya kisu taratibu juu ya ncha ya kidole, kisha juu ya kucha. Akaenda mbele, akarudi nyuma, akafanya upande wa kulia, upande wa kushoto, na makali yenyewe katikati. Ukihesabu kila mpito, kwenye nyama na kwenye kucha, ni ukaguzi mara 12. Anatafuta pengo, hata dogo lisiloonekana kwa jicho. Kucha ikikwama popote, kisu hakitumiki mpaka kinolewe upya. Nami nikapitisha kucha yangu, ikateleza mwanzo hadi mwisho. Baada ya kuchinja akakikagua tena. Nikamuuliza, sasa akikuta pengo baada ya kuku kufa? Akajibu kuku huyo hawamli. Hakuna kusema labda pengo limetokea baadaye kwenye mfupa, hakuna kumhurumia mwenye kuku.

Kisha alisoma dua ya baraka, akakata kwa mpito mmoja mwepesi, damu ikadondokea kwenye udongo laini aliokwisha kuuandaa, akaifunika kwa udongo mwingine na kusoma baraka nyingine. Kufunika damu ni sharti kwa ndege na wanyama wa porini. Damu ni uhai, na Torati inaikataza kabisa kuliwa. Ndiyo maana nyama yao huloweshwa kwenye maji kama nusu saa, ikapakwa chumvi kwa muda wa saa moja, ikasuuzwa, ndipo ipikwe.

Sheria zao zinataja makosa matano yanayoharibu uchinjaji, na kila moja nimeliona kwa macho yangu katika machinjio yetu. La kwanza ni kusita, yaani kisu kusimama katikati ya koo hata kitambo kidogo. La pili ni kugandamiza, kukikandamiza kisu chini kwa nguvu badala ya kukipitisha mbele na nyuma. La tatu ni kisu kufichika, kuingizwa chini ya ngozi au manyoya kisionekane. La nne ni kukata nje ya mahali panaporuhusiwa, juu mno au chini mno. La tano ni kurarua, koromeo au umio ukang'oka badala ya kukatwa. Kwa ng'ombe na mbuzi lazima sehemu kubwa ya koromeo na ya umio zikatwe zote mbili. Kisu cha ng'ombe hakina ncha, na urefu wake ni kama mara mbili ya upana wa shingo, ili mpito mmoja utoshe.

Mtu wa mifugo akiyasikia makosa hayo matano haoni ushirikina. Anaona mnyama aliyeteseka. Kisu kibutu ndicho kinachosita, ndicho kinachogandamizwa, ndicho kinachorarua. Nakumbuka machinjio moja ya kijijini ambako kisu kilikuwa kinanolewa kwenye ukingo wa karo, saruji kwa chuma, na mchinjaji alikuwa analazimika kukata kama mtu anayepasua mbao. Jina la Mungu lilitajwa, tena kwa sauti. Lakini yule fahali alichukua muda mrefu kufa, na waliokuwapo waligeuza nyuso. Hakuna kati yao, Mwislamu kwa Mkristo, aliyeona kwamba lile lilikuwa jambo la kidini. Mimi nasema lilikuwa.

Na kwa Mwislamu pia limekuwa la kidini tangu mwanzo. Wachinjaji wazee niliofanya nao kazi Ujiji walikuwa wakiwafundisha vijana kwamba Mtume aliamuru kisu kinolewe na mnyama apewe raha. Mzee mmoja alikuwa na kisu chake mwenyewe, akikipaka mawese na kukifunga kwenye kitambaa, hakikatii nyama wala kamba, na hakukubali kunoa mbele ya ng'ombe. Alijifunza kwa baba yake, na baba yake kwa sheikh wake. Elimu hiyo ipo Ujiji, ni ya miaka mingi. Kinachoniuma ni kwamba wazee hao wanaondoka, na nafasi zao zinachukuliwa na vijana ambao hakuna aliyewapima. Anatakiwa mtu wa kuchinja, kijana anayejua kutaja jina la Mungu anaitwa, kisu anapewa chochote kilichopo.

Kuna jambo jingine ambalo linamfanya shoheti kuwa ndugu yetu wa kazi sisi wakaguzi. Kwa Wayahudi, kuchinjwa vizuri hakutoshi. Mnyama aliyekuwa na ugonjwa au jeraha la kumuua ni haramu hata kama kisu kilikuwa safi. Mwanazuoni Maimonides, katika karne ya 12, aliorodhesha kasoro 70 za namna hiyo. Kiungo kinachochunguzwa zaidi ni pafu. Kabla halijatolewa, shoheti au mkaguzi mwenzake hutoboa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, huingiza mkono, akapapasa pande zote akitafuta mahali pafu liliposhikana na mbavu au lenyewe kwa lenyewe. Kisha hulitoa, hulijaza pumzi na, panapokuwa na shaka, hulitia majini kuona kama patatoka viputo.

Mimi nimepapasa mapafu mengi mno. Kwanza unatafuta wepesi wake, maana pafu zima ni jepesi na linarudi likibonyezwa. Halafu unapitisha kiganja juu yake. Ukikuta limenata kwenye ubavu, limekuwa gumu kama ini, likikatwa linaonyesha mistari ya marumaru, na kifuani mna maji ya rangi ya majani makavu, hiyo ni homa ya mapafu ya ng'ombe, na zizi lote alikotoka liko hatarini. Ukikata tezi zilizo karibu na njia ya hewa ukakuta vipele vya usaha mkavu unaofanana na jibini, fikiria kifua kikuu, ambacho binadamu naye hupata. Kule chuoni tuliyasoma hayo kama sayansi ya mifugo. Wale waliandika sheria ya kupapasa pafu karne nyingi kabla ya hadubini, nao walisema tu kwamba Mungu hapendi watu wake wale mnyama aliyekwisha kuanza kufa. Njia zilitofautiana, mkono ukafika mahali pamoja.

Wao wamelishughulikia hata lile jaribu kubwa la machinjio yetu, ng'ombe anayeletwa jioni akiwa mahututi ili achinjwe kabla hajawa kibudu. Mishna inasema mnyama wa namna hiyo haruhusiwi ila akionyesha dalili za kweli za uhai wakati wa kuchinjwa, akirusha mguu, na wanazuoni wanajadiliana mguu upi na kwa namna ipi. Wamiliki wa ng'ombe wamenibembeleza, wamenikasirikia, mmoja aliniletea hata mjomba wangu anishawishi. Mkaguzi ana sheria nyuma yake na anaweza kukataa. Mchinjaji wetu ana nini nyuma yake? Yeye ndiye wa kwanza kumwona ng'ombe yule, na akikataa anaitwa mwingine.

Hapo ndipo hekima ya Wayahudi inaponigusa zaidi, kwa sababu waliona mapema kwamba uchaji wa mtu mmoja hautoshi, lazima ulindwe na utaratibu. Nataja mambo mawili. La kwanza, Talmud inaeleza kwamba mchinjaji alipaswa kupeleka kisu chake kwa mwanazuoni kikaguliwe, na asiyefanya hivyo alitengwa na jamii. Hawakungoja mpaka nyama iharibike. Kutokionyesha kisu lilikuwa kosa tosha. La pili, katika Mishna yupo mtu aitwaye Ila, wa mji wa Yavne, mtaalamu wa kukagua wanyama wazaliwa wa kwanza ili kujua kama wana dosari. Wanazuoni walimruhusu kulipwa kiasi kimoja kwa mnyama mdogo na kingine kwa mkubwa, na malipo yalikuwa yaleyale, awe amekuta dosari au hakukuta. Walijua kwamba ukimlipa mtu kwa kusema ndiyo peke yake, utamnunua hata bila kukusudia.

Sasa tujitazame. Mahali pengi vijijini mchinjaji hana mshahara. Hulipwa kwa idadi ya ng'ombe, mara nyingine kwa kipande cha nyama tu. Asipochinja hali. Akimrudisha ng'ombe mgonjwa amejinyima yeye na watoto wake. Akisema ng'ombe apumzike, anywe maji, aliyetembezwa tangu Kasulu atulie kwanza, wenye bucha wanamwona anawachelewesha. Tumemwekea mtu maskini majaribu kila alfajiri, halafu tunamdai uaminifu unaotosha kwa nyumba zetu zote.

Najua wapo watakaosema Wayahudi hao hao wamegombana juu ya kuchinja. Ni kweli. Karne ya 18, huko Ulaya mashariki, kundi jipya la Wahasidi lilishikilia kwamba kisu lazima kiwe chembamba, kilichonolewa kwa namna yao, na wakakataa kula nyama ya wachinjaji wengine. Mwaka 1772 viongozi wa Vilna waliwatenga, na suala la kisu lilikuwa miongoni mwa malalamiko. Familia ziligawanyika. Lakini angalia waligombana juu ya nini: ubora wa makali. Na mwisho wake visu vile vilivyonolewa vizuri vikaja kutumiwa na pande zote mbili. Ugomvi wao uliacha kisu bora kuliko kilichokuwapo. Wa kwetu wa 2013 uliacha makaburi, na visu vikabaki vilevile.

Wapo pia watakaoniambia kwamba Ulaya wanazuia uchinjaji huu kwa sababu mnyama hapigwi ganzi kwanza. Uswisi iliuzuia mwaka 1893 kwa kura ya wananchi, Norway na Sweden zikafuata kabla ya vita kuu ya pili, na Ubelgiji katika majimbo yake mawili makubwa mwaka 2019. Huruma kwa mnyama ni hoja ya kweli, nami nimeiishi. Lakini historia inatutaka tuwe waangalifu. Ujerumani ya Hitler ilitunga sheria hiyo Aprili 1933, hata miezi mitatu haijatimia tangu ashike madaraka, na hakuna anayeamini kwamba ng'ombe ndio waliokuwa mawazoni mwake. Jirani zetu Buganda waliuona ubaya wa namna hiyo mapema zaidi: miaka ya 1875 na 1876 Kabaka Mutesa aliwaua makumi ya vijana Waislamu, na miongoni mwa makosa yao ni kukataa nyama iliyochinjwa na watu wa ikulu. Mtawala akiingia kwenye sufuria ya wachache kwa nguvu, hatoki na nyama peke yake.

Kwa hali yetu ya Kigoma, ambako machinjio mengi hayana hata uzio, kubishana juu ya mashine za ganzi ni kuliruka jambo lililo mbele yetu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, na Sheria ya Tasnia ya Nyama tangu 2006. Kisu kikali, kamba isiyoumiza, maji, mapumziko, na mtu aliyefundishwa vinawezekana mwaka huu, na vitamwondolea ng'ombe sehemu kubwa ya mateso yake.

Napendekeza mambo manne, na nayaelekeza kwa halmashauri zetu, kwa masheikh, na kwa maaskofu na wachungaji.

Kwanza, mchinjaji yeyote wa nyama inayouzwa afundishwe na apimwe, apewe cheti chenye sahihi mbili, ya kiongozi wa dini yake na ya afisa mifugo. Wazee wa Ujiji waliobaki wawe walimu, walipwe kwa kufundisha, kabla hawajaondoka na elimu yao.

Pili, kisu kikaguliwe kila alfajiri kabla ya mnyama wa kwanza, mbele ya mkaguzi wa nyama. Kucha inatosha, haihitaji bajeti. Kisu cha kuchinjia kiwe cha kuchinjia tu, na jiwe la kunolea liwepo kama ulivyo muhuri wa nyama.

Tatu, mchinjaji alipwe na halmashauri kwa siku au kwa mwezi, kutokana na ushuru wa machinjio, na malipo yake yasibadilike kwa kuwa leo ng'ombe watatu wamekataliwa. Apewe pia haki ya kumkataa mnyama kabla ya mkaguzi, na asifukuzwe kwa hilo.

Nne, tuwaheshimu wachache. Desturi ya Mwislamu kuchinjia soko la wote iendelee pale inapowaunganisha watu, kama hapa kwetu. Lakini jamii yenye sharti lake, wawe Wakristo wanaotaka kuchinja kwa shughuli yao au Wayahudi wachache wa Arusha, ipewe saa yake kwenye karo lilelile, chini ya mkaguzi yuleyule, na nyama yake itambulishwe wazi ili mnunuzi asidanganywe. Bungokho Kaskazini walimchagua mbunge ambaye hali nyama ya machinjio yao, na hawakuona kwamba amewatukana. Watanzania hatushindwi na hilo.

Wakristo wenzangu, tukidai haki ya kuchinja, tuanze kwa kuonyesha nani kwetu amesomea kuchinja. Ndugu zangu Waislamu, nanyi mnaoilinda haki hiyo, onyesheni mmeilindaje elimu yake. Hapo mabishano yetu yatakuwa na faida, kwa maana kila upande utajitahidi kuwa na mchinjaji bora kuliko wa mwenzake, na atakayenufaika ni mlaji na mnyama. Kesho asubuhi ukienda buchani, uliza kachinja nani, ni haki yako. Kisha ongeza swali la pili: kafundishwa na nani, na kisu chake alikikagua nani? Wenye bucha wakilisikia swali hilo mara nyingi vya kutosha, watalipeleka kwa halmashauri, na halmashauri italazimika kulitafutia jibu.